Damu Isiyouma

Zamani hapa Laare, kwetu Meru, mwanamume akikojoa damu hakuwaza figo. Aliwaza alikolala. Huu ni mji wa miraa, na miraa ni pesa ya kila siku: mchumaji analipwa leo, mfungaji analipwa leo, dalali na dereva wa pikapu wanalipwa leo, na jioni pesa hiyo inatembea. Kwa hiyo damu ikionekana mkojoni ilihesabiwa kuwa aibu kabla haijahesabiwa kuwa ugonjwa. Mzee alisubiri giza litande, akaingia katika kliniki ya uchochoroni, akachomwa sindano ya penisilini, akapewa vidonge, akakanywa asimguse mkewe mpaka avimalize. Siku ya tatu damu ilikoma. Akarudi sokoni akiisifu sindano.

Ndivyo ilivyo saratani ya figo. Hutoa damu leo na kesho, kisha hunyamaza majuma, pengine miezi, bila uchungu wowote, na dawa yoyote iliyotangulia ukimya huo hupata sifa isiyo yake. Mtu akiumwa hutoka nyumbani kutafuta tiba. Damu isiyouma humwacha pale pale, akifunga surba zake za miraa kama kawaida, huku uvimbe ukikua ndani ya ubavu mahali ambapo mkono haufiki.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa hapa. Nilisomea kazi hii Maua mwishoni mwa miaka ya 1970, nikahudumu wodini, baadaye dispensari, na sasa nalima. Sijawahi kushika kisu cha upasuaji. Ninayoyajua kuhusu historia ya ugonjwa huu kwetu niliyaokota kando ya vitanda, na mengine nimeyasoma tangu nistaafu, maana wajukuu wamenifundisha simu na usingizi wa uzeeni ni mfupi.

Vitabu tulivyosomea vilikuwa na hukumu yao tayari. Damu mkojoni? Fikiria kichocho. Kwa mtu wa Kwale au wa Tana chini huko hukumu hiyo ni sawa kabisa. Lakini huku kwenye miteremko ya Nyambene kichocho cha kibofu si ugonjwa wa nyumbani. Yaliyobaki yalikuwa magonjwa ya zinaa, mawe ya figo, na kifua kikuu kilichoshuka hadi figoni, ambacho kweli tulikiona. Saratani ilikaa mwisho wa orodha, na siku hizo tulikuwa hatufiki mwisho wa orodha: dawa zilikwisha kwanza, au mgonjwa alipata nafuu akaenda zake.

Wenzetu wa mbali nao hawakuanza wakijua. Mwaka 1861, huko Milwaukee, Marekani, daktari Erastus Wolcott alimpasua mgonjwa akidhani anaondoa uvimbe wa ini. Alichotoa kilikuwa figo lenye uvimbe, na mgonjwa hakuishi hata mwezi. Ilipofika tarehe 2 Agosti 1869, Gustav Simon wa Heidelberg, Ujerumani, alitoa figo kwa kukusudia. Mgonjwa wake, Margaretha Kleb, hakuwa na saratani. Mrija wa mkojo ulikuwa umejeruhiwa katika upasuaji wa awali na mkojo ukawa unamtoka ovyo mchana na usiku. Simon alikuwa amejaribu kwanza kwa mbwa, akaona mbwa mwenye figo moja anaishi vizuri. Mama yule naye akaishi. Tiba yote ya saratani ya figo, mpaka leo, imesimama juu ya jambo alilolithibitisha siku hiyo: binadamu anaweza kuondolewa figo moja na lililobaki likafanya kazi ya mawili.

Mwaka ule wa 1869 hapa Igembe hapakuwa na serikali wala misheni. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru, iliamua kesi, wazee walitafuna miraa yao, na mwenye uvimbe ubavuni alipelekwa kwa mugaa, mganga wetu wa jadi. Zilikuwa zimebaki karibu miaka 40 kabla Edward Horne, yule ambaye Wameru walimwita Kangangi, hajaja kujenga boma la serikali ya Kiingereza pale Meru. Sitamdharau mugaa. Mizizi yake haikuondoa uvimbe, lakini alikuwa na tabia moja ambayo kliniki ya uchochoroni haikuwa nayo: alimkalisha mgonjwa akamuuliza maswali mpaka jua likageuka. Ilianza lini? Ilikoma lini? Ilirudi lini? Laiti maswali hayo yangeulizwa miaka yangu ya kazi, wazee kadhaa ninaowakumbuka wangefika mahali mapema.

Misheni zilipokuja zilileta hospitali. Wapresbiteri wa Uskoti walianza Chogoria mwaka 1922, Wamethodisti wakaanza Maua mwaka 1928, na Maua ni mwendo mfupi tu kutoka Laare. Upasuaji wa hospitali hizo ulikuwa wa ngiri, wa akina mama walioshindwa kujifungua, wa mifupa na vidonda. Figo lenye saratani lilifika kwa nadra, na lilipofika lilikuwa limeshajitangaza lenyewe. Kitabu cha zamani kilitaja dalili 3: damu mkojoni, maumivu ya ubavu, na uvimbe unaoshikika kwa mkono. Sisi tulikariri hivyo tukafaulu mtihani. Kumbe mgonjwa mwenye zote 3 kwa pamoja kwa kawaida amechelewa. Siku hizi, palipo na mashine, wagonjwa wenye zote 3 hawafiki 10 katika kila 100, kwa sababu wengi hugunduliwa kwa bahati, wakipimwa jambo jingine.

Madaktari wazee wa wakati wangu walikuwa bado wakiandika kwenye faili jina la Grawitz. Huyu Paul Grawitz alikuwa Mjerumani ambaye mwaka 1883 alidhani kwamba uvimbe huu unazaliwa na vipande vya tezi inayokaa juu ya figo. Alikosea, na dunia ikalibeba kosa lake kwa miongo mingi, ikiwemo wodi moja mlimani Nyambene.

Sasa nije kwenye barabara, kwa sababu historia yetu ya saratani iko barabarani zaidi kuliko hospitalini. Miraa iliyochumwa asubuhi Laare, ikafungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, ilikuwa Nairobi jioni ile ile. Pikapu zetu zinajulikana nchi nzima kwa kukimbia. Mwenye akili akiziona huziachia njia. Kutoka Nairobi miraa ilipanda ndege, ya Mogadishu ikapitia uwanja wa ndege wa Wilson, na ya London ikafika ingali mbichi, mpaka Uingereza ilipoipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Jani letu lilifika Ulaya kabla halijakauka. Mgonjwa wetu wa figo, kutoka kijiji kile kile, alichukua miezi kufika Hospitali ya Kenyatta, huko huko Nairobi.

Na hakuchelewa kwa ujinga. Kwanza ilibidi apate barua ya rufaa. Pili ilibidi apate pesa, na kwa Mwigembe pesa kubwa haiko benki, iko mtini. Familia ilimkodishia mfanyabiashara shamba la miraa kwa miaka kadhaa, pengine pamoja na mbaine, ile miti mikongwe iliyopandwa na babu wa babu. Wasiokuwa na miti waliitisha harambee. Tangu mwisho wa miaka ya 1980, serikali ilipoanza kutoza ada katika hospitali zake, hata wodi ya umma haikuingiwa mikono mitupu. Bima ya taifa ilikuwapo tangu 1966, lakini ilianzishwa kwa ajili ya waajiriwa. Mkulima wa miraa aliisikia redioni tu.

Namkumbuka mzee mmoja, dalali aliyeheshimika, mwenye sauti ya kunadi iliyosikika toka stendi hadi kanisani. Wanawe walikodisha miti, wakampeleka Nairobi. Waliambiwa na watu wa mtaani kwamba huko kuna mashine ya kuchoma saratani, na ni kweli mashine ya mionzi ilikuwapo Kenyatta, na kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la nchi nzima. Wakapanga foleni kwa ajili yake. Hakuna aliyewaeleza mapema kwamba mionzi ya aina ile haiui saratani ya figo vizuri. Husaidia zaidi kupunguza maumivu pale saratani inapofika mfupani. Wala hakuna aliyewaeleza kwamba dripu za kawaida za saratani, zinazowaangusha nywele wagonjwa wa matiti, hazifanyi kazi ya maana kwa figo la mtu mzima. Tiba yake ilikuwa kisu, na kisu kilitaka mtu aje mapema. Walipofika kwa daktari wa upasuaji, saratani ilikuwa imetambaa kutoka kwenye figo ikaingia ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Hiyo ni tabia yake mahsusi, hupenya mshipa kama mzizi unaotafuta maji. Upasuaji wa namna hiyo unafanyika duniani, lakini kwa timu kubwa na damu nyingi ya kuongezea. Mzee alirudi Laare.

Alichopata ni kufa bila mateso makali, na hilo si dogo. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na baadaye Meru nayo ikapata hospisi yake. Morfini ya maji, ile ya chupa, ndiyo dawa ya saratani ya figo iliyowafikia watu wetu kwa uhakika kuliko zote.

Kwa watoto habari ni nyingine, na hapa nitakaa kidogo. Ni nadra mtoto kupata saratani ile ya watu wazima. Hupata uvimbe unaoitwa wa Wilms, kwa jina la Max Wilms, daktari Mjerumani aliyeandika kitabu juu yake mwaka 1899. Huja kwa watoto wa miaka 2, 3, 4. Mara nyingi anayeugundua ni mama: anamwogesha mtoto, anahisi kitu kigumu upande mmoja wa tumbo. Mtoto anacheza, anakula, hana homa. Mama anamwambia mama mkwe, mama mkwe anasema ni wengu la malaria, au ni minyoo, na kwa watoto wanaolelewa huko chini joto linakoanza, wengu la malaria lipo kweli. Nimewapokea watoto wenye chale tumboni, mistari midogo iliyopakwa dawa nyeusi, juu kabisa ya uvimbe. Wengine walikuwa wamepewa dawa ya minyoo mara kadhaa. Kila mtu aliyelishika tumbo lile alilibonyeza, na kulibonyeza ndilo jambo lisilofaa, kwa sababu uvimbe ule una ganda jembamba na ukipasuka saratani humwagika tumboni kote. Wodini kwetu daktari mmoja aliamuru kipande cha plasta kibandikwe kwenye tumbo la mtoto kimeandikwa kwa kalamu: usiguse.

Uvimbe huu unatibika. Ni miongoni mwa saratani za kwanza kabisa duniani ambazo madaktari walijifunza kuziponya. Tangu miaka ya 1950 ilijulikana kwamba dawa iitwayo aktinomaisini inauyeyusha, na miaka ya 1960 ikaongezeka vinkristini, inayotokana na lile ua la Madagaska la waridi na jeupe linalopandwa mbele ya nyumba kote pwani. Katika miaka hiyo hiyo Afrika Mashariki ilikuwa mbele ya wengi katika dawa za saratani ya watoto: Denis Burkitt pale Kampala alikuwa ameshaeleza mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya unaobeba jina lake, na Peter Clifford pale Nairobi akawa anautibu kwa dripu. Sisi tulio juu ya mlima tulisikia baadaye sana. Utaratibu wa leo, mahali pengi Afrika, ni kumpa mtoto dawa kwa majuma kadhaa kwanza ili uvimbe unywee, kisha figo litolewe, kisha dawa ziendelee.

Na hapo ndipo watoto wetu wanapopotea. Baada ya dripu za kwanza tumbo hunywea. Mama anaona mwanawe amepona. Nyumbani ameacha wengine, nauli imekwisha, baba anauliza kuna nini tena huko. Anaondoka na mtoto kabla ya upasuaji. Anarudi baada ya miezi tumbo likiwa kubwa kuliko mwanzo. Katika nchi tajiri watoto 9 kati ya 10 wenye uvimbe huu hupona. Kenya tumekuwa chini sana ya hapo, na madaktari waliochunguza wametaja kuachwa kwa tiba katikati kuwa sababu kubwa. Sikubali wanaowalaumu akina mama hawa. Mwanamke anayelala sakafuni kando ya kitanda cha wodi ya Nairobi, hajui mtu, hana simu, anahesabu siku za mahindi yake shambani, huyo hahitaji mahubiri. Anahitaji nauli, kitanda na mtu wa kumwambia kwa Kimeru kwamba tumbo kunywea si kupona.

Vijana huniuliza kama miraa ndiyo inayoleta saratani ya figo. Nawajibu hivi: sijaona ushahidi wa kulitia jani hilo hatiani kwa kosa hili. Walioshikwa na ushahidi ni sigara, unene na presha ya damu, na kwa wafanyakazi wa viwandani kemikali kadhaa, mojawapo ikiwa traikloroethilini ya kusafishia vyuma. Lakini miraa haiji peke yake. Huja na sigara mdomoni na soda mkononi, hupandisha presha saa zile inapotafunwa, na Laare wanaume wa miaka 40 waliopimwa presha ni wachache kuliko wanaojua bei ya miraa Mogadishu. Saratani zinazotusumbua zaidi Meru ni za umio na tumbo, na hizo zina kesi yao tofauti.

Je, ni ugonjwa wa kawaida? Kwa hesabu za dunia za mwaka 2022, watu zaidi ya 434,000 waligunduliwa kuwa na saratani ya figo, na karibu 156,000 walikufa kwayo. Wengi wako Ulaya na Amerika Kaskazini. Lithuania na Ucheki ziko juu kabisa. Afrika Mashariki tuko chini mno. Katika wagonjwa wapya wa saratani wapatao 44,700 waliokadiriwa Kenya mwaka huo, figo ni sehemu ndogo, mbali nyuma ya matiti, shingo ya kizazi, tezi dume na umio. Ukiishia hapo utasema Mungu ametuepusha. Lakini huko Marekani watu weusi wanaipata saratani hii kwa kiwango kinacholingana na cha weupe au kukizidi kidogo. Basi haiwezekani kwamba ni ngozi inayotukinga. Sehemu ya tofauti ni maisha: tumekuwa wembamba zaidi na tumevuta sigara chache. Sehemu nyingine, na kwa maoni yangu ni kubwa, ni kwamba hatujatazama. Saratani nyingi za figo za huko huonekana kwenye skani iliyopigwa kwa sababu ya tumbo au mgongo. Mahali pasipo na skani hazionekani, na asiyeonekana haandikwi. Yule dalali niliyemtaja aliandikwa kwa sababu wanawe walikuwa na miti ya kukodisha. Walioishia kwenye kliniki ya uchochoroni hawamo katika daftari lolote.

Mengi yamebadilika duniani wakati sisi tulikuwa tunachoma sindano. Mwaka 1990 Ralph Clayman, pale St. Louis, Marekani, alitoa figo kupitia matundu madogo, bila kumpasua mgonjwa ubavu mzima. Uvimbe mdogo sasa hukatwa wenyewe na figo likabaki. Mzee dhaifu mwenye uvimbe mdogo huweza kuachwa akipimwa mara kwa mara tu, na wengi huishi nao hadi jambo jingine liwachukue. Kuanzia mwishoni mwa 2005 vilikuja vidonge vinavyoinyima saratani mishipa ya damu, na mwaka 2015 dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili zikaanza kuidhinishwa kwa figo. Ikigunduliwa ingali ndani ya figo, zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 huko Marekani wanakuwa hai baada ya miaka 5. Ikishasambaa, ni wachache.

Hapa kwetu vidonge hivyo vipya ni habari ya magazeti. Lakini nisiseme hakuna kilichokuja. Kuanzia 2015 serikali ilipeleka mashine katika hospitali 2 za kila kaunti, na wengi walizijua kwa sababu ya kusafisha damu ya wenye figo zilizofeli, ugonjwa ambao watu huuchanganya na huu mpaka leo. Saratani ya figo moja haimpeleki mtu moja kwa moja kwenye mashine hizo. Figo la pili kwa kawaida lingali linafanya kazi. Meru wanatoa dripu za saratani, safari ya Nairobi imepungua kwa baadhi ya wagonjwa. Na bima mpya ya afya ya taifa, SHA, ilipoanza Oktoba 2024, ilitenga kwa saratani shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Kwa upasuaji wa figo lililowahiwa, pesa hizo zina uzito. Kwa dawa mpya za saratani iliyosambaa, huisha mapema.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Laare, Mutuati, Kangeta na Maua, mwanamume au mwanamke, ukiona damu kwenye mkojo hata mara moja, hata kama haiumi, hata kama imekoma kesho yake, usiende uchochoroni. Nenda hospitali, sema wazi, omba mkojo upimwe na tumbo lipigwe ultrasaundi. Mashine hiyo iko Maua, nusu saa kwa matatu kutoka Laare, na haichomi wala haiumi. Na mwenye mtoto mwenye uvimbe tumboni asimruhusu mtu yeyote kuubonyeza, na akianza tiba asirudi nyumbani kabla daktari hajasema imekwisha.